UCHAMBUZI: Chanjo ya malaria ilijaribiwa Pwani, lakini Mvita ina kiu ya vipimo

KENYA ilipozindua chanjo ya malaria mnamo Septemba 13, 2019, hafla ilifanyika katika Kaunti ya Homa Bay, kando ya Ziwa Victoria. Kaunti nane za magharibi mwa nchi ndizo zilizoteuliwa kwa mradi huo wa majaribio. Miongoni mwazo hapakuwa na hata moja kutoka Pwani.

Mradi ulipopanuliwa Machi 2023, kaunti ndogo 25 zaidi ziliongezwa. Hizo nazo zilitoka katika eneo lile lile la ziwa.

Uteuzi huo una kinaya chake. Mwendo wa kilomita 60 hivi kaskazini mwa Kisiwa cha Mombasa upo mji wa Kilifi, ambako Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu nchini, KEMRI, ikishirikiana na wakfu wa Wellcome wa Uingereza na Chuo Kikuu cha Oxford, imekuwa na kituo cha utafiti tangu 1989. Watoto wa Kilifi walidungwa chanjo hiyo, ijulikanayo kama RTS,S, miaka 12 kabla ya hafla ya Homa Bay, wakati ambapo hakuna aliyejua kwa hakika ingefaa kwa kiasi gani.

Je, Pwani ilitumiwa kisha ikasahauliwa? Hilo ni swali la haki na halifai kupuuzwa. Hata hivyo, kwa mkazi wa Mji wa Kale, Majengo au Tudor, lipo swali jingine lenye uzito mkubwa zaidi, nalo halizungumzwi sana: anapopandwa na homa usiku, ni nani atakayemwambia kwa yakini kwamba ni malaria au si malaria?

Mchango wa Kilifi

Kabla ya kulijibu swali hilo, ni vyema msomaji afahamu Pwani ilitoa nini.

Kati ya 1993 na 1995, vijiji vya Kilifi vilitumiwa kupima iwapo neti zilizotiwa dawa zingeokoa maisha. Vifo vya watoto wachanga na wale walio chini ya miaka mitano vilipungua kwa takribani thuluthi moja. Neti ambayo leo Mkenya anaiona kitu cha kawaida ilipata sehemu ya ithibati yake huko.

Kisha ikaja chanjo. RTS,S ilianza kutengenezwa katika miaka ya themanini na kampuni ya GlaxoSmithKline pamoja na watafiti wa jeshi la Marekani. Kazi yake ni kuufundisha mwili kumtambua kimelea mara tu anapoingizwa na mbu, kabla hajafika kwenye ini na kuzaana. Ugumu ni kwamba kimelea huyu ana jeni zaidi ya 5,000 na hubadilika umbo kadiri anavyosafiri kutoka kwa mbu hadi kwenye ini, na kutoka ini hadi kwenye damu. Kumkinga mtu dhidi yake si sawa na kumkinga dhidi ya surua.

Watoto 894 wa Kilifi na wa Korogwe, Tanzania, walishirikishwa katika utafiti ulioanza 2007. Matokeo yaliyochapishwa Desemba 2008 yalionyesha kwamba chanjo ilipunguza malaria kwa asilimia 53 katika miezi ya mwanzo. Ulimwengu ulishangilia. Utafiti mkubwa zaidi ukafuata kati ya 2009 na 2014, ukihusisha watoto zaidi ya 15,000 katika vituo 11 vya nchi saba. Nchini Kenya vituo vilikuwa Kilifi, Siaya na Kombewa. Waliopata dozi zote nne wakiwa wamevuka umri wa miezi mitano walipungukiwa na malaria kwa asilimia 36 katika kipindi cha miaka minne.

Lakini habari ya Kilifi haikuishia kwenye shangwe. Watoto 447 waliendelea kufuatiliwa kwa miaka saba, na matokeo yao yalitangazwa 2016. Katika mwaka wa kwanza kinga ilikuwa asilimia 36 hivi. Kufikia mwaka wa nne ilikuwa imekwisha karibu yote. Kwa jumla ya miaka saba, faida ilishuka hadi asilimia 4.4. Isitoshe, katika mwaka wa tano, watoto waliochanjwa waliokuwa wakiishi penye mbu wengi waliugua malaria zaidi ya wenzao ambao hawakuchanjwa, pengine kwa sababu miili yao ilikuwa imechelewa kujijengea kinga ya asili.

Watoto hao walikuwa wamepewa dozi tatu tu. Matokeo yao yaliipa nguvu hoja ya dozi ya nne, ambayo katika mradi wa 2019 ilipangiwa umri wa miaka miwili.

Ukweli huo usingejulikana kamwe kama watafiti hawangekuwa wakiwapima damu watoto hao kila walipopata homa, mwaka baada ya mwaka. Kama wangehesabu homa tupu, kila kikohozi na kila mafua yangeandikwa malaria na chanjo ingeonekana haifai kitu tangu siku ya kwanza. Tone la damu kwenye kioo cha hadubini ndilo lililotoa ushahidi.

Watu wazima nao hawakubaki nyuma. Kati ya 2016 na 2018, watu wazima 161 walijitolea kudungwa vimelea hai vya malaria mjini Kilifi, chini ya uangalizi wa madaktari, ili wataalamu wajue ni kwa nini baadhi ya miili huwashinda vimelea hao bila dawa. Katika eneo ambalo hadithi za mumiani wanyonya damu zimesimuliwa tangu enzi za ukoloni, kukubali kutolewa damu na mtafiti si jambo dogo. Ushujaa huo haukutangazwa ipasavyo.

Chanjo ya pili, R21, iliyobuniwa Oxford na kutengenezwa na taasisi ya Serum ya India, vilevile ilipitia Kilifi. Utafiti wake ulihusisha watoto wapatao 4,800 nchini Kenya, Tanzania, Mali na Burkina Faso. Matokeo yaliyochapishwa Februari 2024 yalionyesha kinga ya asilimia 68 katika mwaka wa kwanza kwenye maeneo yenye malaria mwaka mzima, Kilifi na Bagamoyo yakiwemo. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikuwa limeiidhinisha Oktoba 2023, na bei yake ya chini ya dola nne kwa dozi ilifungua milango iliyokuwa imefungwa.

Kwa nini Pwani iliachwa

Sababu ya Pwani kuachwa ilikuwa ya hesabu kuliko ya siasa. WHO ilipoidhinisha RTS,S Oktoba 2021, ilipendekeza itumiwe penye maambukizi ya kiwango cha wastani hadi cha juu. Uchunguzi wa kitaifa wa 2020 ulipata vimelea kwa asilimia 19 ya watoto waliopimwa katika eneo la ziwa. Pwani walikuwa asilimia tano.

Dozi nazo zilikuwa haba. Julai 2023, muungano wa chanjo wa Gavi ulitangaza kwamba nchi 12 zingegawana dozi milioni 18 kwa miaka mitatu. Penye uhaba kama huo, mtoto wa Siaya kutangulizwa mbele ya mtoto wa Kizingo ni uamuzi ambao mtu mwadilifu hawezi kuulaumu. Tathmini ya mradi wa Kenya, Ghana na Malawi ilionyesha kwamba vifo vya watoto waliolengwa vilipungua kwa asilimia 13. Hiyo si haba.

Linaloweza kulaumiwa ni lile neno "Pwani". Asilimia tano ni wastani unaounganisha Kibokoni na Kinango, Ganjoni na Ganze. Yeyote anayeifahamu nchi hii anajua kwamba mitaa ya kisiwa, yenye nyumba za mawe zilizobanana na vichochoro vya saruji, haina mazalio sawa na mashamba ya Kwale. Wapo watoto wa bara ya Pwani ambao huenda wanastahili chanjo leo kuliko inavyodhaniwa, na wapo wa kisiwani ambao wanahitaji kitu kingine kabisa. Wastani huwaficha wote wawili.

Si kila homa ni malaria

Kisiwa cha Mombasa kina homa nyingi. Mwaka 2004 chikungunya ilizuka Lamu, ikaingia Mombasa, kisha ikavuka bahari hadi Komoro. Ilirudi Mombasa mwishoni mwa 2017. Dengue nayo ilisababisha mkurupuko mkubwa mjini humo 2013, na tena 2017.

Waswahili ni wenyeji wa maradhi haya kuliko wanavyojua. Daktari Mskoti James Christie, aliyefanya kazi Unguja katika karne ya 19, aliandika kwamba wenyeji waliyaita maradhi yaliyowakumba 1823 na 1870 kidinga pepo, na wapo wataalamu wanaoamini kwamba jina dengue lilitokana na neno hilo. Chikungunya ni neno la Kimakonde, lililoingia vitabuni baada ya mkurupuko wa 1952 kusini mwa Tanganyika. Lugha zetu ziliyapa majina maradhi haya, ila zahanati zetu bado zinayaita malaria.

Mgonjwa wa dengue anaanza kama mgonjwa wa malaria: homa kali, kichwa kuuma, viungo kulegea. Akienda duka la dawa, hupewa tembe za malaria na dawa ya maumivu. Zile za malaria hazitamfaa kitu. Za maumivu, zikiwa za jamii ya aspirini au ibuprofeni, zinaweza kumzidishia hatari ya kuvuja damu.

Takwimu za jirani zinatisha. Katika hospitali kumi za kaskazini mashariki mwa Tanzania, uchunguzi uliochapishwa 2004 ulipitia wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa kama wagonjwa mahututi wa malaria. Waliopatikana na vimelea hasa walikuwa asilimia 46 tu. Walioathirika zaidi walikuwa wale wasio na malaria: kati yao walifariki 12 katika kila 100, ilhali wenye malaria walifariki saba. Baadhi yao hawakupewa antibiotiki zozote, kwani daktari aliridhika kwamba ameshajua ugonjwa.

Uchunguzi mwingine, uliofanywa Dar es Salaam na Ifakara na kuchapishwa 2014, ulichukua watoto 1,005 wenye homa. Wenye malaria walikuwa mmoja katika kila kumi, wakati wengi walikuwa na maradhi ya njia ya hewa. Dar es Salaam ni mji wa bandari, wa joto na unyevu, kama ulivyo Mombasa. Sioni sababu ya kudhani kwamba homa za Mji wa Kale ni tofauti sana na za Kariakoo.

Mwaka 2010 WHO ilitoa agizo kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kutibiwa, na Kenya ikalikubali katika mwongozo wake. Karatasini agizo hilo ni zuri. Tatizo ni kwamba mwenye duka la dawa hapati faida yoyote kwa kumwambia mteja kwamba hana malaria. Mteja naye, aliyeacha kibarua chake kutwa, hataki kuambiwa akapange foleni kwingine. Wote wawili wanaondoka wameridhika, na ugonjwa haujaguswa.

Kipimo kinapokosa kuona

Kipimo cha haraka kilikuwa ukombozi. Hadubini inahitaji umeme, rangi maalumu na mtaalamu wa maabara mwenye jicho lililozoea. Kipimo cha haraka kinahitaji tone la damu la kidoleni na subira ya dakika 15 au 20. Mstari mmoja ukitokea, huna malaria, miwili, unayo.

Vingi vya vipimo hivi hutafuta protini iitwayo HRP2, ambayo kimelea huimwaga kwenye damu. Hapo pana udhaifu wa aina mbili. Kwanza, protini hiyo hubaki mwilini kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, hivyo mtu aliyetibiwa mwezi uliopita anaweza kuonekana mgonjwa leo, huku homa yake mpya ikiwa ya dengue.

Udhaifu wa pili ni wa kuogofya zaidi. Wapo vimelea waliopoteza jeni inayotengeneza HRP2. Vimelea hao wanaishi na kuua, ila kipimo hakiwaoni. Eritrea ililazimika kuacha vipimo vya aina hiyo 2016, baada ya wagonjwa wake wengi kuambiwa hawana malaria ilhali wanayo. Djibouti na Ethiopia zimekumbwa na tatizo hilo hilo. WHO inashauri nchi ibadilishe vipimo pindi wagonjwa wanaokosa kugunduliwa kwa sababu hiyo wanapofikia asilimia tano. Vipo vipimo vinavyotafuta protini nyingine isiyoweza kupotea kwa urahisi, lakini nchi haiwezi kujua kama inavihitaji bila kuchunguza vimelea vyake mara kwa mara.

Mombasa ina kila sababu ya kutazama kaskazini. Katika nchi hizo hizo za Pembe ya Afrika ameingia mbu mgeni kutoka Asia, aitwaye Anopheles stephensi, anayedhaniwa kusafiri kwa vyombo vya baharini. Aligunduliwa Djibouti 2012, mwaka ambao nchi hiyo iliandikisha wagonjwa 27 pekee wa malaria. Kufikia 2020 walikuwa zaidi ya 73,000.

Mbu wa malaria tuliyemzoea hupenda madimbwi ya mashambani. Huyu mgeni hupenda mji. Hutaga mayai katika mapipa, matangi ya juu ya paa, visima na mashimo ya ujenzi. Mombasa ni bandari, na kwa sababu ya uhaba wa maji wa miaka mingi, hakuna nyumba kisiwani isiyo na pipa au tangi. Hata mtu angetaka kumwandalia mbu huyo makao, asingefanya vizuri zaidi. Nchini Kenya aligunduliwa 2022, katika Kaunti ya Marsabit.

Akishika makao kisiwani, zile hesabu za asilimia tano hazitakuwa na maana tena. Na mtu wa kwanza kujua hatakuwa waziri jijini Nairobi. Atakuwa muuguzi wa zahanati aliyepima watoto kumi wenye homa wasiowahi kusafiri, akapata wanne wana malaria. Asipopima, au akipima kwa kifaa kisichoona, mji utajua wodi zitakapojaa.

Wajibu wa kaunti

Mgao wa chanjo huamuliwa na serikali kuu. Vipimo ni jambo tofauti. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti jukumu la vituo vyao vya afya na maduka ya dawa, ingawa leseni za wauza dawa zimebaki kwa Bodi ya Dawa na Sumu. Kwa hivyo mwakilishi wa wadi anayeilaumu Nairobi kwa kuwanyima Wapwani chanjo, aulizwe kwanza ni zahanati ngapi za wadi yake zilizokaa bila vipimo mwaka huu, na kwa siku ngapi.

Swali hilo lina uzito zaidi tangu Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje. Mpango wa malaria wa taifa hilo ulikuwa miongoni mwa wafadhili wakubwa wa neti na vipimo nchini, na fedha zake zilisaidia pia utafiti wa chanjo. Ingawa baadhi ya shughuli zilirejeshwa, ni ujinga kupanga afya ya mji kwa kutegemea hisani inayoweza kukatwa kwa saini moja.

Yapo yanayoweza kufanywa bila kungoja mfadhili. Utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya na kuchapishwa 2018 ulionyesha kwamba wahudumu wa afya wa kijamii wakiwapima watu bure, na aliyepatikana na malaria akapewa kuponi ya kununulia dawa dukani kwa bei nafuu, watu zaidi hupimwa na dawa nyingi zaidi huwafikia wanaozihitaji. Njia hiyo inamtoa mwenye duka katika kishawishi cha kuuza kisichohitajika. Hakuna kinachozuia Mvita kuijaribu.

Vijana wetu nao wasidharauliwe. Mhandisi Mganda Brian Gitta alishinda tuzo ya uhandisi ya Afrika 2018 kwa Matibabu, kifaa cha kupima malaria kwa mwanga na sumaku bila kumtoboa mtu kidole. Kutoka tuzo hadi zahanati ni safari ndefu, na vifaa vingi hufia njiani. Bado inatia moyo kwamba anayefikiria jinsi ya kumpima mtoto bila kumliza ni mtu aliyewahi kuugua malaria mwenyewe.

Aidha, kaunti ichunguze mbu wa matangini kabla mgeni yule hajabisha hodi, na maabara zake ziwe na uwezo wa kupima dengue na chikungunya kila siku, badala ya kungoja mkurupuko ndipo sampuli zipelekwe Nairobi. Zaidi ya yote, matokeo ya vipimo yatangazwe kwa kila wadi, kila mwezi: waliopimwa ni wangapi, waliopatikana na malaria ni wangapi, na wangapi kati yao hawakuwa wametoka nje ya kisiwa. Wizara ya Afya itakapogawa tena dozi za chanjo, itakuwa na orodha ya kutenganisha Kibokoni na Likoni, na Likoni na Kinango.